Jina la Linard Kwenye Orodha

Dada yangu mpendwa Seraina,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mguu umeunga na umeshaacha mikongojo, na kwamba shemeji na watoto huko Kanada hawajambo. Mimi ni mzima wa mwili. Theluji imeanza kuyeyuka upande wa jua, na jirani yetu Mzee Risch ameshawatoa ng'ombe wake nje. Anakusalimu, anasema alikukosa sana mazikoni.

Uliniuliza kwenye simu, mara mbili, imekuwaje mdogo wetu afe kwa kukosa vidonge katika nchi kama Uswisi. Mara zote mbili nilisema simu haisikiki. Simu ilikuwa inasikika vizuri kabisa, dada. Leo nakujibu.

Ulipoondoka, bima ya afya haikuwa mzigo kama sasa. Sheria inamlazimisha kila mtu awe nayo, na kila vuli hutangazwa bei mpya; mimi sikumbuki mwaka ambao yetu ilishuka. Watu walipoanza kushindwa, serikali ya jimbo ilileta mambo mawili. Kwanza ruzuku: mwenye kipato kidogo ajaze fomu kabla mwaka haujaisha, jimbo limlipie sehemu. Pili orodha: asiyelipa huandikwa jina, na aliyeandikwa hatibiwi ila kwa dharura. Walisema wazembe watashtuka, walipe. Ofisi yetu ilishughulikia yote mawili, nami sitakuficha, niliiunga mkono hiyo orodha. Nilisema kwa mdomo wangu, mbele ya wenzangu, kwamba tunaojinyima tumechoka kuwabeba wasiojinyima.

Mdogo wetu Linard hakuwa mzembe. Tangu Annetta amwache alikuwa mtu wa kujiendea tu. Kiangazi aliezeka mapaa ya mawe kutwa, lakini baridi ikiingia hakuna apandaye juu ya paa, na barua za bima alizirundika kwenye kapu la kuni bila kuzifungua. Mwezi Desemba, mwaka juzi, hatimaye alikuja ofisini, dirishani kwangu, na fomu ya ruzuku. Nyuma yake palikuwa na foleni.

“Dada, nisaidie,” akasema. “Maswali yenu haya hata padri hayaulizi.”

Foleni nzima ikacheka. Nikaona wananicheka mimi. Nikamwambia, kwa sauti yangu ya kazini, kwamba fomu haina karatasi ya kodi, akailete. Akauliza kama ofisi ya kodi si hiyo ghorofa ya juu. Nikamjibu kwamba kila mtu hujiletea mwenyewe. Ningeweza kuinua simu tu, karatasi ishuke. Akakunja fomu yake taratibu, akaniambia bila hasira, “Haya, mama serikali.” Wakacheka tena.

Ruzuku hakupata. Mwezi wa Aprili jina lake likaingia kwenye orodha.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Mzee Risch. Vidonge vya shinikizo la damu vilipokwisha, Linard alikwenda kwa daktari. Msichana wa mapokezi akatazama kompyuta, akamwambia kwa upole kwamba yumo orodhani, na shinikizo si dharura. Linard akauliza dharura ni ipi.

“Ukianguka, tupigie simu.”

Jioni ile aliisimulia baani kama kichekesho, kwamba ameamriwa aanguke kwanza. Mzee Risch alijitolea kumnunulia dawa. Akakataa, akasema hawezi kumnyonya jirani kama ndama.

Kwangu alikuja mara moja tu, Novemba. Nilikuwa nimepika supu ya shayiri, akala bakuli mbili. Alilalamika kidogo kwamba kichwa kinamgonga asubuhi. Kisha akaniuliza jina likishaingia hutokaje. Nikamweleza: hadi alipe yote, au asubiri fomu ya mwaka mwingine.

“Basi tusubiri,” akasema, akaosha bakuli lake, akaenda zake.

Januari alianguka kwenye banda la kuni. Mzee Risch alimkuta mchana, uso umepinda, shoka liko pembeni. Helikopta ilifika kwa dakika kumi na tano, kwa sababu sasa ilikuwa dharura. Alipewa chumba chenye dirisha la kutazama milima, madaktari watatu, mashine sijui ngapi, na hakuna aliyeuliza jina lake limo wapi. Alinishika kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki hai. Siku ya kumi na tisa kiharusi kilirudi, kikamchukua.

Gazeti likaandika. Sasa bunge la jimbo linajadili kuifuta orodha, na tume imekuja kukagua faili lake. Mkuu wangu, Bwana Caviezel, aliniita akanituliza kwamba faili ni safi: fomu ilichelewa, basi. Alinipa hata pole.

Seraina, fomu haikuchelewa.

Tarehe thelathini ya Desemba ileile ya mwaka juzi, niliporudi nyumbani kutoka sokoni, niliikuta bahasha chini ya mlango wangu. Ndani mlikuwa na fomu, karatasi ya kodi, na kikaratasi: “Nimekuta mmefunga mapema. Wewe utaifikisha.” Ofisi ilikuwa wazi kesho yake hadi saa sita mchana, na mimi nilikuwa kazini. Sikuibeba. Kile kicheko kilikuwa bado kinaniwasha, nikajiambia ombi halipokelewi chini ya mlango wa mtu, nikajiambia naye ajifunze. Niliipeleka tarehe tatu Januari, nikaigonga muhuri wa siku hiyo. Barua ya kumwambia amechelewa niliitia sahihi mwenyewe.

Naye alijua. Ndilo linaloninyima usingizi. Aliijua siku aliyoileta, barua yangu aliisoma, nimeikuta kwake imefunguliwa, na bado alikaa jikoni kwangu akala supu yangu, asiniulize neno. Labda alingoja nimwambie mwenyewe.

Alhamisi nitakwenda mbele ya tume na kile kikaratasi, nimekihifadhi. Kazi nitaipoteza, na jina letu litasemwa hapa kijijini. Mzee Risch nitamwambia kesho. Lakini nilitaka nikuandikie wewe kwanza, usije ukayasoma gazetini.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Wabusu watoto, mwambie shemeji nimemshukuru kwa maua aliyotuma. Niliyaweka kaburini siku ileile. Ukipenda kuniandikia, anwani ni ileile. Usipoandika, nitaelewa, wala sitakupigia simu.

Ni mimi mdogo wako,
Mengia