Mkungu wa Kisimani Usiguswe Tena

Mombasa

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Goti lako limepoa? Na mdogo wangu Halima, kikohozi kimemwacha? Mimi mzima hapa kwa mama mdogo. Asubuhi nasoma, jioni namsaidia kwenye kitalu chake cha miche.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Mjomba hukunyang'anya simu, na akicheka tu mimi nishanyamaza. Barua hii msomee yote, mbele ya mafundi wake wa mashua.

Halima kanitumia picha. Mjomba amechimba tena chini ya mkungu wetu, ule mti wa kisimani, amekata mzizi wa tatu, ule uliopinda vizuri, akauchonga taruma, ubavu wa ndani wa mashua. Eti ulipomkataza akakujibu, "Mwanao mwenyewe huko Mombasa kazi yake kukata mizizi! Mtu akikata kucha hufa?"

Mama, asinitumie mimi. Ni kweli nakata. Mche ukikaa sana kwenye kifuko, mizizi hutoboa chini ikashika ardhi. Naunyanyua, nakata ncha zilizotoka, nyembamba kama mshipi wa kuvulia, namwagilia, nauweka kivulini. Hunyauka kidogo, kisha hutoa vijizizi vingi humo ndani. Hizo ndizo kucha. Anachokata mjomba ni mguu, tena kwenye nyonga.

Jirani yetu hapa alikata mizizi minene ya mwarobaini upande mzima, apate kujenga ukuta. Mti ukabaki kijani, akatucheka. Mvua ilipokuja, udongo wa upande ule ulikuwa umelegea, hauna cha kuushika, mti ukalala. Nilichungulia shimo: mizizi iliyokatwa imeoza, ukiibonyeza inatoa maji meusi. Na huo ni udongo mzito, Mama. Kwetu kijijini Ngumi ni mchanga mtupu. Mkungu ukilala, utalalia jiko lako, na mdomo wa kisima utabomoka.

Kwa hiyo nasema: hapana. Shimo alijaze leo, arudishe mchanga uleule, majani makavu juu, na maji. Matawi mazito yaliyoelekea jikoni ayapunguze kidogo. Taruma lake atalipata humo. Atasema nimekosa adabu. Na aseme. Kisima ni chako, na ulishamkataza.

Nisalimie bibi, na yule fundi kalafati, mziba nyufa za mashua, aliyekuwa akinifichia halua nikiona haya kuomba. Mjomba naye msalimie. Nampenda, ila kwa mkungu simwachii.

Akishika shoka tena, nipigie. Kisha mpe simu yeye mwenyewe, na acheke apendavyo. Safari hii nitamngoja amalize kucheka, halafu nitasema.

Mwanao,
Mwanaesha