Kwa Tekla, Aliyenitafutia Mwalimu

Oldeani, Jumapili mchana

Tekla, ndugu yangu,

Leo nimerudi karakana, kwenye mazoezi. Nilitaka wewe ndiye uwe wa kwanza kujua, kwa hiyo nimechukua daftari la zahanati lililobaki kurasa chache nyuma, nimekaa mlangoni kwenye jua, nakuandikia. Ni wiki ya tisa tangu tukuzike. Wiki zote hizo sikukanyaga kule. Nguo yangu ya mazoezi ilikaa chini ya kitanda, na nilipofagia niliipitia pembeni kama vile ni ya mtu mwingine.

Nianze na habari za kwako. Mume wako Bura hajambo, ila amekonda. Anakula ukimkalia. Binti yako Agnesi amechukua cherehani yako na anakaa palepale barazani ulipokuwa unakaa. Mishono yake bado inapinda kidogo, lakini wateja wanamvumilia kwa ajili yako, na juzi nilimsikia akimwambia mtu, "Hiki kitambaa hakifai suruali, tafuta kingine." Nikasimama njiani. Ilikuwa sauti yako kabisa.

Sabuni bado ni ya kupanga foleni. Mvua zimechelewa. Basi, hayo ndiyo ya huku.

Tekla, nimekuwa nikikumbuka tulivyoanza. Unakumbuka mwaka ule nilipovunjwa mkono. Nilikuwa natoka zahanati saa kumi jioni, nakata njia ya katikati ya kahawa kama nilivyofanya miaka yote, wakatoka wanaume wawili. Mkoba niliuachia mara moja. Sweta nikaivua mwenyewe. Lakini mmoja wao, hata baada ya kupata alichotaka, alinikunja kifundo cha mkono mpaka kikavunjika, akanitupa mtaroni. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko mkoba. Nilikuwa nimeshaachia.

Mkono ukapona, mimi sikupona. Nikawa nazunguka njia ya trekta, mwendo wa saa moja na nusu badala ya dakika arobaini, nachelewa kazini, na kila kahawa ikitikisika nageuka nyuma. Nilikuwa na miaka thelathini na saba, mhudumu wa zahanati, mwanamke aliyeachika na kuzoea kukaa peke yake. Nilipokuja barazani kwako kukuambia nataka kujifunza kupigana, nilijua utacheka. Ulikuwa na pini mdomoni. Ukazitoa moja moja, ukazichomeka kwenye mto wake, ukasema, "Basi tutafute mwalimu. Lakini tutatafuta kama tunavyotafuta kitambaa, Zaituni. Hatuchukui cha kwanza."

Hukuniuliza kwa nini. Asante kwa hilo.

Cha kwanza kilikuwa Karatu mjini. Tulipanda lori la shamba siku ya mnada, tukaingia ukumbi ulio nyuma ya baa moja, tukamkuta yule kijana aliyefunga mkanda mweusi juu ya suruali ya bugaluu, ile pana miguuni. Alivunja kigae kwa kipaji cha uso mbele yetu. Akaniambia, "Dada, miezi mitatu tu, wanaume watakuwa wanakukimbia." Nakiri sasa kwamba nilishaanza kufungua kibindo. Miezi mitatu! Nilitaka hata iwe wiki tatu. Wewe ulikuwa hutazami kigae. Ulikuwa unamtazama mtu mmoja aliyekaa chini ukutani, mdomo umepasuka, anajifuta damu kwa shati lake, wenzake wanamruka tu.

Ukauliza, "Yule anaangaliwa na nani?"

Kijana akasema, "Atazoea."

Tulipotoka nje nilinuna. Ukaniambia, "Kigae hakina maumivu. Yule wa ukutani ndiye utakayekuwa wewe mwezi wa kwanza. Mtazame yeye kwanza, halafu useme kama unataka."

Cha pili kilikuwa Arusha. Tulilala kwa shangazi yako, na kesho yake tukaenda kwenye ile shule ambayo hata leo sina neno baya la kuisema. Ukumbi msafi, mikeka mizima, mwalimu mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, wanafunzi watu wa makamo, na wanawake wawili kati yao. Moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu mtaroni. Walikuwa wanafundisha siku tatu kwa wiki. Na mabasi ya kutoka huku, unajua mwenyewe, siku nyingine hayana dizeli, siku nyingine hayana spea. Kwa hiyo nikaamua. Nitaomba uhamisho, nihamie Arusha.

Nilikuambia Mto wa Mbu, basi liliposimama watu wanunue ndizi. Ukanunua ndizi, basi likaanza kupanda ile kona ya juu ya ziwa. Ndipo ukasema, "Shule ni nzuri, sina kasoro ya kuitaja. Lakini huhami kwa sababu ya shule. Unahama kwa sababu ya wale wawili. Wamekuchukulia mkoba, sasa unawapa na Oldeani."

Nilikujibu vibaya. Nilisema unaona wivu, kwamba hutaki mimi niende mahali ambapo wewe huwezi kwenda. Tekla, sijawahi kukuomba radhi kwa maneno yale. Ulishuka basi, ukabeba kikapu chako, ukaenda zako. Mwezi mzima hatukusemezana. Barua ya uhamisho niliiandika, nikaiweka kwenye bahasha. Kilichobaki kilikuwa daktari kuitia saini.

Halafu siku moja ukaingia zahanati, katikati ya wagonjwa, hukusalimu hata mtu, ukatandaza koti la turubai mezani kwangu juu ya kadi za watoto. Limechanika kolani na chini ya makwapa.

"Hili nimelishona mara nne," ukasema. "Ni la fundi wa matrekta wa shamba la ng'ambo ya mto. Leo nimemuuliza nani anakuvuta hivi. Anasema wanajifunza judo, Jumapili, karakana. Wanafundishwa na Mzee Sulle. Na tazama hapa." Ukaonyesha kola. "Linachanika pale mtu anaposhikwa. Halina tone la damu. Nimelifua mwenyewe, najua."

Mwezi mzima tulikuwa hatuzungumzi, na wewe ulikuwa bado unanitafutia mwalimu.

Jumapili ile tulivuka mto. Mzee Sulle, mwanajeshi mstaafu, mfupi, mwenye mikono ya grisi, alikuwa na wanafunzi saba, vibarua na mafundi, wanaangushana juu ya magunia yaliyojazwa mabua ya ngano. Tulikaa kwenye tairi la trekta tukatazama. Niliona unachotazama, safari hii nilikuwa nimeshajifunza. Kila aliyeangushwa, aliyemwangusha alibaki amemshika mkono mpaka ameketi vizuri. Walipomaliza nikamweleza shida yangu. Mzee akafikiri sana, akasema, "Mama, sijawahi kumfundisha mwanamke. Sijui nitaanzia wapi."

Mimi nilivunjika moyo. Wewe ulinigusa goti. Baadaye uliniambia kwamba kati ya walimu wote watatu, huyo peke yake ndiye aliyekiri kuna kitu hakijui, na hapo ndipo ulipomchagua.

Akaongeza sharti. Hatafundisha mwanamke mmoja katikati ya wanaume saba. Kambi nzima ya vibarua itasema, na maneno yataniumiza mimi kuliko yeye. "Tafuta mwenzako wa kike, mje wawili."

Nilijua hakuna. Nani angekubali? Nikaanza kuinuka. Wewe, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwenye goti bovu, mnene, ambaye ukipanda kilima cha kanisa unapumzika mara mbili, ukainama, ukavua viatu vyako, ukavipanga pembeni ya tairi. Ukasema, "Tuko wawili tayari. Tunaanza lini?"

Hukuwa umeniambia. Nadhani hata wewe ulikuwa hujajiambia.

Nguo zetu ulizishona kwa magunia ya kitambaa ya unga wa ngano, mishono miwili kila mahali. Maandishi yaligoma kutoka. Mgongo wako ukabaki na DARAJA LA KWANZA kwa herufi nyekundu, na Mzee Sulle, ambaye hacheki, alilazimika kutoka nje. Miezi minne tulijifunza kuanguka tu. Kuanguka nyuma, kuanguka ubavu, kupiga gunia kwa mkono. Mimi nilikuwa nauliza lini tutajifunza kumwangusha mtu. Wewe ulikuwa unaanguka kama furushi la nguo, unalala hapohapo unatazama mabati, unasema, "Niacheni kidogo, huku chini kuzuri." Wanaume wale walikupenda. Yule fundi mwenye koti alikuita shangazi.

Na mimi nikaanza kupona, Tekla. Sikujua ni lini hasa. Nilijikuta tu siku moja nimekata njia ya kahawa.

Ulijua kilichotokea mwaka uliofuata, lakini wacha nikiandike. Mlevi mmoja alinitokea kwenye kona ya tangi la maji, akanishika kifundo cha mkono, kilekile kilichovunjika. Sikumwangusha. Sikufikiri hata. Mkono wenyewe ulizunguka upande wa kidole gumba chake, kama tulivyofanya mara elfu, ukachomoka, nami nikapiga ukelele na kukimbia mpaka kambini. Nilifika barazani kwako naona aibu kwamba nimekimbia. Wewe hukuuliza kama nilimpiga. Ulisema, "Ulipiga kelele?" Nikasema ndiyo. "Ulitoka?" Nikasema ndiyo. "Basi kaa unywe chai." Nilikaa, nikanywa vikombe vitatu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonizuia wiki zote hizi.

Mwaka wa mwisho ulikuwa unakaa pembeni. Ulisema ni goti. Ulivaa nguo, ukakaa kwenye tairi, ukafuma vitambaa vyako, mimi nikafanya mazoezi. Nami ninayeshinda zahanati, ninayepima watu kila siku, nikaamini goti. Siku tatu baada ya mazishi Bura akaniambia. Daktari alikuwa amekukataza mapema, moyo umechoka, usitembee mwendo mrefu, usipande kilima wala usivuke mto. Bura alikugombeza. Anasema ulimjibu, "Nikikaa nyumbani, Zaituni anabaki mmoja, na Mzee Sulle ni mtu wa neno lake."

Nilikasirika, ndugu yangu. Nikuambie kweli. Nilikasirika sana nikashindwa kulia. Ulinificha. Nilikuwa nakuja kukuchukua kila Jumapili, tunavuka yale magogo, unanishika bega, unasema twende polepole leo kuna baridi. Nilijiona mimi ndiye niliyekuua. Nilimwambia Bura hivyo, nikitegemea atakubali. Akasema, "Alikuwa anarudi kutoka kule anaimba. Hapa nyumbani alikuwa haimbi tena. Sikuweza kumnyima." Ndipo nikalia.

Lakini karakana sikurudi.

Ijumaa iliyopita Mzee Sulle alikuja zahanati. Nilidhani anaumwa. Akasimama dirishani, kofia mkononi, akaniambia kuna mwanamke, mchuma kahawa kutoka Dodoma, anaitwa Josefina, amekuja Jumapili tatu mfululizo. Anasimama mlangoni, anatazama, anauliza kama ameshapatikana mwanamke mwingine. Naye Mzee anamrudisha. "Simlaumu mtu," akasema. "Nimekuja kukueleza tu." Akavaa kofia, akaondoka.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimwona yule mwanamke asiyenijua akivuka magogo peke yake na kurudi peke yake, mara tatu, kwa sababu mimi nimelala na huzuni yangu.

Kwa hiyo leo nimekwenda. Alikuwepo. Mwembamba, hana meno mawili ya mbele, na sikumuuliza yalikwendaje. Ana miaka kama yangu ya wakati ule. Nilimsalimu, tukakaa kwenye tairi, nikamwambia asiharakishe, leo atazame tu, aone kama pahali hapa panamfaa, na kama hapamfai nitafuatana naye kutafuta pengine. Alitazama mpaka mwisho. Mzee Sulle alipomwita aanze Jumapili ijayo, aligeuka kwangu kwanza, akauliza, "Na wewe utakuwepo?"

Nilimwambia nitakuwepo.

Tekla, siwezi kukushukuru ikatosha, kwa hiyo sitajaribu. Nilikuombea kwa dini yangu, na kanisani Bura alinipa nafasi ya mbele pamoja na ndugu zako, nikasimama walipokuwa wanasimama. Nisamehe yale maneno ya Mto wa Mbu. Nimekusamehe ule uongo wa goti, ingawa bado nitakugombeza siku tukionana.

Pumzika sasa. Ulitembea sana kwa ajili yangu. Nami nakuahidi hili moja, na neno langu nalo ni neno. Mwanamke yeyote atakayefika mlango ule peke yake, maadamu miguu yangu inanibeba, mimi nitakuwa wa pili wake.

Mwenzako,
Zaituni