Kabla Hujanitumia Swichi za Kahawia

Gatongora,
S.L.P. 1187,
Ruiru.
9 Machi 2025.

Mpendwa dada Maggie,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mume wangu Gachau. U mzima huko Kanada? Baridi imepungua, au bado mnatoka nje mmejifunga kama vifurushi? Watoto wanaendeleaje na shule? Huku mvua ilianza juzi na matope yamefika mlangoni, lakini tunashukuru.

Mimi ndiye siko sawa, Maggie. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu Mama akija kutoka Ngoingwa huchukua simu yangu na kusoma kila kitu. Hili sitaki alisome.

Unaijua kazi yangu ya kusikiliza rekodi za mikutano na kuziandika kwenye kompyuta. Tangu Januari nimerudishiwa kazi tatu, herufi zimejirudia ovyo. Ya nne ikirudi naondolewa, na sina kazi nyingine.

Nikalaumu kibodi. Ni ya Gachau ya gemu, tunaitumia wote wawili. Swichi zilizo chini ya vitufe vyake ni zile nyekundu, laini mno; ukipumzisha kidole tu, herufi imetoka. Kwa gemu ni tamu. Kwa kuandika ni balaa.

Wiki jana nikaenda Thika kwa fundi anayeitwa Mutie, mwenye kibao cha kujaribia swichi za kila rangi. Za bluu zinapiga kelele, majirani wangenihamisha. Za kahawia zina kigongo kidogo katikati, kidole kinajua kabisa kimebonyeza. Nikazipenda papo hapo. Mutie akanipa kibodi yenye hizo za kahawia, nikaandika jina langu, likatoka na m tano badala ya mbili.

"Madam, hii si mambo ya switch," akaniambia. "Ni mkono yako inashake."

Nikacheka kama mjinga, nikamwambia ni baridi. Ilikuwa saa saba mchana na jua linachoma.

Nyumbani nikamwomba Gachau aandike ukurasa mzima kwa zile zile nyekundu. Hakukosea hata herufi moja. "Si nilikuambia keyboard iko poa?" akasema, akarudia gemu yake. Nikaingia jikoni nikalia mpaka maji ya chai yakakauka kwenye sufuria. Bado sijamwambia.

Vinavyotetemeka ni kidole gumba na cha shahada, mkono wa kulia. Nikishika kitu vinatulia. Nikipumzika vinaanza. Naogopa, Maggie, naogopa sana.

Marehemu baba yako, Mjomba Njau, haniondoki akilini. Wewe ndiye uliyemuuguza. Mimi nakumbuka tu alivyoanza kushindwa kutia uzi kwenye sindano ya cherehani, nasi watoto tukamcheka, Mungu atusamehe. Kabla ya uzi, kutetemeka kwake kulianzia wapi? Kulianzia vidoleni hivi? Na baada ya hapo alishona miaka mingapi? Nitaenda hospitali, lakini nataka kusikia kwako kwanza, na usinipambie maneno.

Nilikuwa nimepanga kukuomba swichi tisini za kahawia, huko najua hazikosekani. Kama jibu lako ni kwamba yeye hakuanza hivi, zitume upesi. Kama alianza hivi, usisumbuke kuzitafuta. Kibodi nitamwachia Gachau, acheze.

Nisalimie shemeji Bedan, na umbusu Wamboi mdogo kwa niaba yangu. Mungu awalinde nyote, na mikono yenu aiweke imara.

Ni mimi dada yako, anayekupenda na kukungoja,
Emmah