Alama ya Dieume

Kazi moja, siku ya kwanza ya kazi, tarehe 2 mwezi wa tatu

Umeme imerudi asubui. Nimechaji telefone, nimeangalia matangazo. Tunalipia tatu ku mutandao, kila moja na lien yake, ile watu wanafinya kwa kununua, na ndani ya lien kuko alama. Mutu akifinya lien, alama inaniambia ni tangazo gani imemuleta, na kama ametuma avanse, ile franga ya kwanza. Bila alama tungelipa bule, hatungejua ni tangazo gani inatulisha.

Alama nimezipa majina ya watu, juu majina ya watu siwezi kusahau. MAMA ni ya hapa kwetu Bunia. ESTA ni ya Epulu, kwa shangazi yetu Esta. DIEUME ni ya Mongbwalu, kule wanachimba zahabu, juu ndugu yangu mudogo Dieumerci ndiye anapelekaka nguo kule na pikipiki yake.

Tunauzisha pantalo ya wachimbaji. Mama anashona magoti na kitambaa mbili, hata ukipiga magoti ku mawe mwaka muzima haipasuke. Mangaribi ninamusomea hesabu ya wateja: "Mama ameleta mmoja. Dieume ameleta wanne." Kila siku vile. Anachekaka. Anasema ule mutoto wake anaweza kuuzishia watu hata matope.

Kazi tatu, tarehe 4

Dieume ametoka asubui na furushi ya pantalo. Mama alimukemea juu kofia yake ya pikipiki haina kamba. Aliahidi kupiga telefone akifika.

Hajapiga.

Kazi ine, tarehe 5

Barabara imefungwa. Wanasema watu wenye silaha walisimamisha pikipiki kadhaa mu pori. Moja tu ndiyo ilirudi. Telefone ya Dieume haipite. Ninachukia ile sauti ya mwanamuke anayesema jaribu tena baadaye. Baadaye gani?

Siku ya posho, tarehe 7

Muendeshaji aliyeokoka alikuya kwetu. Aliona Dieume anaanguka. Aliona damu. Hakusimama, na simulaumu.

Baba mudogo akasema tuanze matanga hata bila mwili. Tuweke mikeka inje, tumulie sawa watu wengine. Mama akakataa. Akanigeukia mimi.

"Leo Dieume ameleta wangapi?"

Nilifungua telefone. Nikasoma vile ninasomaka siku zote. Wawili.

Mama akapiga vigelegele mbele ya watu wote. "Mutu aliyekufa anaweza kuleta wateja?"

Mimi mujinga. Nilipaswa kusema palepale. Tangazo inatembea yenyewe, tumeilipia mpaka mwisho wa mwezi. Haijue kama mwenye jina iko ao hayuko. Niliona uso ya mama vile inangaa, nikafunga telefone. Baba mudogo alirudi kwake na hasira.

Siku ya Mungu, tarehe 8

Sikuenda kusali. Mama alienda, akatoa ushuhuda kwamba mutoto wake iko muzima. Kanisa yote ikaimba. Jirani akapita kwetu kunipongeza. Nilimushukuru! Nikaingia mu nyumba, nikafunga mulango.

Kazi mbili, tarehe 10

Nimemuelezea mama. Nimemuonyesha ku telefone pale tunalipia, fasi jina inaandikwa. Nikamuambia: ni mimi niliandika lile jina, mama, si Dieume. Akanijibu eti ninamuzika ndugu yangu na mudomo.

Anapika fufu ya watu watatu. Sahani ya Dieume anaifunika. Asubui ni mimi ninamwaga.

Na ile tangazo yake ndiyo inaingiza franga kuliko zote. Nilipofikiri kuizima, wazo ya kwanza ilikuwa: tutakula nini? Ninajisikia haya. Wateja wa Mongbwalu wanauliza nguo yao iko wapi. Ninawaandikia: barabara. Wanaelewa.

Kazi tatu, tarehe 11

Mama amepata muendeshaji wa kumupeleka Mongbwalu siku ya posho, tarehe 14. Anasema, kama Dieume anauzisha Mongbwalu, basi iko Mongbwalu. Labda amelala hopitali, labda wamemunyanganya telefone. Ameisha kufunga mufuko: shuka, sabuni, shati safi ya Dieume.

Muendeshaji gani anakubali ile njia? Mwenye njaa. Nimemulilia mama asiende. Baba mudogo amemulilia. Bule.

Watamuua na yeye. Na ni mimi nitakuwa nimemutuma.

Kazi ine, tarehe 12

Leo nimefanya kitu mubaya.

Asubui nilitengeneza lien mupya. Alama yake: BABA. Baba tulimuzika ku kijiji yetu ya Fataki, kabla ya kukimbia vita. Nikalipia tangazo ingine ya Mongbwalu, picha ileile, pantalo ileile, na ile lien ndani. Kisha nikangoja. Nilimuomba Mungu watu wafinye. Ni maombi gani hii!

Mangaribi nikamusomea mama. Mama ameleta mmoja. Esta hakuna. Dieume ameleta mmoja. Baba ameleta wawili.

Aliacha kuchambua majani ya sombe.

"Baba gani?"

Nikasema, baba yetu. Mongbwalu.

Akaweka majani chini. Kisha akasema, pole pole, kwamba ni yeye mwenyewe alimufunga macho. Ni yeye alimuosha. Nikasema ndiyo, mama.

Ile kilio iliyotoka, sijawahi kuisikia ku mutu. Nilimushika, akanisukuma. Nikamushika tena. Anichukie tu. Afazali anichukie, lakini asipande ile pikipiki.

Kazi tano, tarehe 13

Muendeshaji alikuya kuomba franga ya esansi ya pikipiki. Mama mwenyewe akamurudisha.

Tumezima BABA. Tumezima DIEUME. Mama alitaka kufinya yeye mwenyewe. Kidole ikakosa fasi, nikamuonyesha tena. Baba mudogo amekuya na mikeka. Hakutulaumu hata na neno moja.

Siku ya posho, tarehe 14

Watu wa matanga wamejaa inje. Mashine ya mama imefunikwa. Muchana mvua imenyesha kidogo, hakuna aliyesimama.

Mangaribi mukono yangu ikafungua telefone yenyewe. Jina iko pale. Sikuifuta. Mama akaniona kutoka ku mukeka. Akauliza na sauti ya chini, vile anaulizaka.

"Dieume?"

"Hakuna, mama."

Akasema sawa. Akajisogeza, akanipatia fasi ku mukeka.