Moshi Dirishani kwa Bi Time

Jadida, Wete

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, goti limepoa na usingizi unaupata. Mimi nipo, ila nimechoka, mama, nimechoka hata kusema siwezi. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nikikohoa tu unaacha habari zote unaanza kulia.

Ni moshi huu. Baraza la wateja, tajiri wangu mwenye mkahawa aliliezeka makuti, nami nachoma mishkaki pembeni. Moshi ulikuwa ukijipenyeza juu unakwenda zake. Akaona makuti ushamba, akaweka mabati. Lo! Jioni ya kwanza wateja walikula huku machozi yanawatoka. Nikaleta feni, nikausukuma moshi nje. Tajiri akanisifu, nami nikajiona fundi.

Kumbe huko nje ndiko liliko dirisha la Bi Time. Ni jirani, mumewe kafariki juzi juzi tu, yumo edani: hatoki, hawezi kuhamia kwa ndugu, wala hagusi manukato mpaka eda iishe. Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Weye kijana wa Tanga! Mie udi nimekatazwa, nawe wanifukiza mishkaki kila magharibi? Kanga zangu zote zanuka mbuzi!" Haya ilinijaa, mama. Tajiri naye akasema, ndugu za marehemu wakija kulalamika, jiko linazimwa na mimi narudi kwetu.

Nikazima feni. Nikapasua pipa, nikalifanya kofia juu ya jiko, nikaunga bomba la bati, nikatoboa paa. Mwanzo nililikata fupi, moshi ukarudi chini. Nikaliongeza mpaka likapita mapaa ya majirani. Sasa moshi unapanda wenyewe. Lakini kofia nimeishusha chini ili ivute vizuri, kwa hiyo kugeuza nyama lazima niingize kichwa humo humo, na moshi wa mafuta unaanza na mimi ndipo uende bombani. Jioni nikivua shati kifua kinaniwasha.

Jana nilisimama chini ya dirisha, nikapiga hodi. "Bi Time, bado unakufikia?"

"Haunifikii, Mungu akulipe. Lakini nakusikia ukikohoa." Kisha akaongeza: "Mie eda yangu ina mwisho, mwanangu. Siku ya kutoka naijua. Weye hapo utatoka lini?"

Nikarudi jikoni, nikageuza nyama za watu.

Nisalimie dada Zuhura na wanawe, na mjomba Kombo kinyozi, mwambie hapa Wete sijaona anayeninyoa vizuri kama yeye. Mke wangu mpe salamu zake peke yake, na habari ya kifua usimwambie.

Ila wewe nijibu kweli, mama, usinionee haya. Nikishuka kwenye boti sina kazi na sina mzigo mkononi, mtanipokea?

Mwanao,
Rajabu