Marahaba ya Kubonyeza

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba uiitikie kabla hujasoma mstari wa pili, maana yanayofuata yanaweza kukunyima moyo wa kuniitikia. Mama naye mpe shikamoo yake, na uniambie kama lile jicho alilofanyiwa upasuaji bado linamtoa machozi akikaa jikoni. Mimi huku Dar es Salaam mwili ni mzima. Roho ndiyo inayoniuma.

Mdogo wangu Athumani ameniambia kwa nini hupokei simu zangu. Anasema umeapa kwamba sauti ya binti yako hutaki tena kuisikia kwenye simu, kwa kuwa ndiyo iliyomliza Mzee Maduhu. Basi naandika kwa mkono, kama enzi zako za reli. Kama miwani bado haijatengenezwa, Athumani akusomee pole pole bila kuruka neno. Athumani, ukiruka nitajua.

Nisiseme uongo, Baba, kazi hii ya kampuni ya fedha za kwenye simu imenipa mengi. Mshahara unaingia kila mwezi bila kumpigia mtu magoti. Bima yake ndiyo iliyolipia jicho la Mama. Ofisini kuna kiyoyozi mpaka navaa sweta, mimi mtoto wa Kilosa niliyezoea kulala mlango wazi kwa joto! Mabosi ni vijana watupu, tunaitana kwa majina, hakuna anayemwamkia mwenzake. Hilo nililipenda sana mwanzoni. Sasa naona ndipo nilipopaswa kuanza kuogopa.

Unamkumbuka Rehema, mkuu wangu wa kazi niliyekuja naye hapo nyumbani, Magomeni ya Kilosa. Mama alimchinjia jogoo. Mlimwachia kitanda chenu, nyinyi mkalala chini kwenye mkeka. Asubuhi ukampeleka mwenyewe mnadani Msowero, ukamsimamisha mbele ya wafugaji, ukasema, "Huyu ni mwanangu kama huyu wangu. Atakachowaambia yeye, nimewaambia mimi."

Mzee Maduhu alikuwa ametoka kuuza madume yake mawili. Akakuuliza wewe, hakumwuliza Rehema, "Mzee mwenzangu, hela yangu ikikaa humo kwenye simu nitaiona tena?"

"Utaiona siku utakayoitaka," ukamjibu. Akatoa simu yake akaandikishwa akiba, na wenzake wakafuata.

Wakati wa kurudi tulipitia Mikumi kumsalimu Shangazi, pale anapowauzia chakula madereva wa malori. Rehema alitoka nje kupokea simu, nikamsikia akisema, "Wakishazoea tu, tunawahamishia kwenye mpango wa mwaka mzima." Aliporudi nikamwuliza ni mpango gani. Akacheka, akanigonga begani. "Kula wewe, ugali unapoa." Nikala.

Baada ya safari ile ndipo waliporekodi sauti yangu. Mashine inampigia mteja, naye ananisikia nikisema, "Shikamoo. Kuniitikia marahaba, bonyeza moja." Wazee walifurahi mno. Zamani walikuwa wakiikatia mashine simu, sasa wakawa wanasikiliza mpaka mwisho, na kikaoni nikapigiwa makofi. Mwezi uliopita, bila kuniambia, waliipasua salamu yangu katikati. Nikishasema shikamoo, inaingia sauti ya mtu mwingine anayesoma maelezo mbio mbio, halafu narudi mimi kuomba marahaba yangu. Maelezo hayo ni kwamba anayebonyeza moja amekubali akiba yake ifungwe mwaka mzima.

Sasa nani Msowero ataacha kuitikia shikamoo ya mtoto wa mwenziwe? Mzee Maduhu akabonyeza. Alipokwenda kutoa hela ampeleke mkewe hospitali Morogoro, akaambiwa arudi mwakani. Ndipo alipokuja kukaa barazani kwako akalia, mtu mzima yule.

Nilimvaa Rehema mbele ya ofisi nzima. Hakuinua hata macho kwenye kompyuta yake.

"Amebonyeza mwenyewe. Kumbukumbu ipo."

"Ameitikia salamu, Rehema! Unajua vizuri. Umelala kwetu wewe!"

"Ndiyo maana tulichukua sauti yako," akasema, kama mtu anayenisifu.

Baba, maneno hayo yananikaba mpaka leo. Alikula jogoo wa Mama akijua. Alilalia mto wako akijua. Nilimwita dada, nikamtafutia kitenge kizuri cha kumpelekea mama yake, kumbe mimi na wewe tulikuwa mlango tu wa kuwaingilia watu. Nimechukia watu wengi maishani, unajua ulimi wangu, lakini hivi sijawahi.

Kazi nimeacha. Karatasi ya maelekezo waliyopewa mafundi wa mashine ninayo nakala yake. Jumamosi nakuja, tumchukue Mzee Maduhu na wenzake twende Morogoro kwa mwanasheria. Bima inakoma mwisho wa mwezi, kwa hiyo Mama aende kuangaliwa jicho wiki hii hii, asisubiri.

Nisalimie Bibi wa Chanzuru, umwambie dawa yake ya miguu naileta. Nisalimie jirani yetu fundi cherehani, na Athumani kwa kazi ya kusoma.

Ni mimi binti yako,
Zuhura

N.B. Barua nilishaifunga, nimeichana bahasha. Kuna neno nililiruka. Lile la kubonyeza moja kuitikia halikutoka kwa Rehema, lilitoka kwangu. Nilikukumbuka unavyoisema mashine kwamba haina adabu, inaanza shida zake kabla ya kuamkia, nikaona nimeipatia dawa. Na nilimpa Rehema wazo hilo pale pale kwa Shangazi, muda mfupi tu baada ya kumsikia akitaja ule mpango. Nilisikia, na bado nikampa, kwa sababu nilitaka anisifu. Mwambie Mzee Maduhu hili kabla sijafika. Akisema nisikanyage Msowero, nitashukia Mikumi nikusubiri huko. Ukija, Baba, nitajua. Usipokuja pia nitajua.