Mchele Alipojificha Nyuma ya Mizinga

Rungwa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na mtama, mmemaliza kuvuna? Sisi huku tu wazima. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu mtandao hukatika kabla sijafika popote, na jambo hili nataka ulisikie lote kutoka kwangu.

Unajua tangu Yohana anioe, binti yake Agnes hajanizoea. Ana miaka minane. Mama yake alipofariki alibaki na paka mweupe anayeitwa Mchele, na huyo ndiye rafiki yake. Mimi ananijibu tu ninapomuuliza.

Majuzi Yohana akiwa porini kurina asali, Mchele alitoweka ghafla. Tulimkuta stoo, amejibana nyuma ya mizinga mipya ya mbao. Hatoki, hali. Nikimsogelea ananifokea kwa pumzi. Siku ya pili Agnes naye akakataa ugali. Jioni mama mkwe akaja.

"Veronika, mtoto anasema umempiga paka wake. Kama ni kweli, sema tu, mwanangu."

"Sijamgusa, mama."

"Mbona anakukimbia?"

Mama, siku hiyo nilikunja nguo zangu nikaziweka kwenye begi nirudi nyumbani Kinyangiri. Nilichoka kuwa mama wa kambo wa kwenye hadithi.

Lakini nikawaza mbuzi wetu. Mbuzi akijitenga na wenzake ulikuwa hutafuti aliyempiga, ulikuwa unamshika unampapasa mwili mzima. Asubuhi nikaenda stoo na dagaa wachache, nikalala chini kifudifudi. Agnes akaja mbio.

"Usimtoe!"

"Simtoi. Wewe hakuogopi kama anavyoniogopa mimi. Njoo wewe umguse taratibu, uniambie unaona nini."

Akalala pembeni yangu. Mkono wake ulipofika karibu na mkia, Mchele akalia. "Hapa pamevimba," akasema. "Pana joto. Panatoa harufu."

Mama mkwe alitaka tumpe kidonge cha maumivu, nikamwomba tusubiri. Tulimweka kwenye tenga lenye kanga yangu tukampeleka kwa afisa mifugo. Ni vizuri tulisubiri: alisema vidonge vile vya watu vinaua paka. Alinyoa manyoya, akatuonyesha alama mbili za meno. Paka mwingine alimng'ata, jeraha likafunga juu, usaha ukabaki ndani.

"Kwa hiyo hakupigwa?" Agnes akauliza.

"Hakupigwa. Paka akiumwa hasemi, anajificha. Akiwa dhaifu anamwogopa kila mtu, hata anayempenda. Wakati mwingine ni mgeni ndani ya nyumba au kelele tu, na hapo unamwacha atulie, anatoka mwenyewe. Lakini akijificha ghafla na kuacha kula, au akishindwa kukojoa, usingoje. Mlete."

Akamkamua usaha, akamchoma sindano. Nyumbani tulimwachia Mchele stoo yake, tukamtandikia gunia, tukamwekea maji karibu. Agnes alimshika, mimi nikamsafisha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Siku ya tatu alitoka mwenyewe, akanywa maziwa mlangoni.

Tulikuwa tunaosha vyombo Agnes aliposema, "Nilidhani ni wewe."

"Najua."

"Si wewe."

Akanipokea sahani, akaisuuza. Mama mkwe alileta karanga mbichi, akakaa mpaka zikaiva, tukala wote. Yohana aliporudi alishangaa kutukuta tunacheka. Nguo nimeshazitoa kwenye begi.

Nisalimie kaka Daudi na mkewe, na mama mdogo anayekuchotea maji, mwambie nimemkumbuka. Likizo ya shule tutakuja, watu watatu, Mungu akipenda.

Agnes yuko hapa ananitazama nikiandika. Ameuliza barua ni ya nani, nikamwambia ni ya mama yangu. "Kumbe ni bibi yangu," akasema. Anataka kuninyang'anya kalamu, kwa hiyo naishia hapa nimpe nafasi.

Ni mimi mwanao anayekuwaza kila siku,
Veronika

shikamoo bibi mimi ni Agnes. Mchele amepona. tutakuja naye